Fela wa jukwaani na Fela wa kitabuni

Novemba 2010, mzee mmoja mzaliwa wa Cuba aitwaye Carlos Moore alikwenda mahakama ya shirikisho kule Manhattan, New York, akafungua kesi ya madai. Alitaka alipwe dola milioni 5. Aliowashtaki ni watayarishaji wa Fela!, tamthilia ya muziki iliyokuwa inachezwa Broadway wakati huo, na ambayo Jay-Z pamoja na Will Smith na mkewe Jada walikuwa wameiwekea majina yao kama watayarishaji wenza. Hoja ya mzee ilikuwa nyepesi kuielewa: tamthilia hii mmeitoa kwenye kitabu changu, hamkunilipa, na jina langu hamjaliandika popote.

Kwa maelezo yake, mwaka 2007 aliwahi kuahidiwa malipo ya awali ya dola 4,000. Ndiyo, elfu nne! Akakataa. Basi tamthilia ikaendelea bila yeye, ikapanda Broadway, ikapigiwa makofi, ikapata tuzo.

Sasa msomaji, kabla hujasema "mzungu kaiba tena", tulia kidogo. Aliyeiongoza tamthilia hiyo ni Bill T. Jones, Mmarekani mweusi na mmoja wa wasanii wakubwa wa dansi duniani. Aliyelalamika ni mweusi pia. Anayegombewa ni Fela Anikulapo Kuti, ambaye hakuna haja ya kumweleza rangi yake. Mambo hapa hayajapangika kirahisi kama tunavyopenda. Mimi kwa kuwa kazi yangu ni kuuliza watu maswali na kuandika wanachojibu, kesi hii ilinifanya nikisome kitabu cha Moore kwa jicho jingine, nikiwa nakilinganisha na kile kilichopanda jukwaani. Niliyoyaona ndiyo haya.

Tuanze na huyo Moore, maana watu wengi wanamruka. Alizaliwa Cuba mwaka 1942, wazazi wake wakiwa wahamiaji weusi kutoka visiwa vingine vya Karibi. Alikwenda New York akiwa kijana. Februari 1961, dunia ilipopata habari kwamba Patrice Lumumba ameuawa kule Katanga, alikuwa miongoni mwa watu weusi walioingia ukumbi wa Umoja wa Mataifa na kuvuruga kikao kwa maandamano. Maya Angelou alikuwa kwenye kundi hilohilo. Mwaka huohuo akarudi Cuba kuyatumikia mapinduzi ya Castro. Akaanza kuuliza kwa sauti kwa nini mapinduzi yanayosema watu wote ni sawa bado yanawaweka weusi nyuma. Unajua maswali ya namna hiyo humfikisha mtu wapi. Alikaa uhamishoni miaka mingi: Misri, Ufaransa, Nigeria, Senegal, baadaye Brazil. Ndani ya safari hizo, miaka ya 1970, akakutana na Fela kule Lagos, wakawa marafiki.

Kitabu chao kilitoka mwaka 1982, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Jina lake la Kiingereza ni Fela: This Bitch of a Life, na nadhani unaelewa kwa nini silitafsiri hapa. Kilikuwa wasifu wa Fela ulioandikwa kwa idhini ya Fela mwenyewe. Cha ajabu ni namna kilivyoandikwa. Moore hasemi "Fela alizaliwa Abeokuta tarehe 15 Oktoba 1938". Anamwacha Fela aseme. Sehemu kubwa ya kitabu ni mtu wa kwanza: mimi, mama yangu, baba yangu alivyonichapa, mimi na wake zangu. Ni mazungumzo marefu yaliyorekodiwa, halafu yakakatwa na kushonwa mpaka yakawa simulizi moja. Unaposoma ni kama umekaa na Fela chumbani, yeye na nguo yake ya ndani (maana nyumbani ndivyo alivyokuwa anavaa hata akitembelewa na waandishi wa habari), anavuta, anaongea, anatukana, anacheka.

Hapo ndipo kesi inapokuwa ngumu. Sheria ya haki miliki ya Marekani hailindi matukio. Kwamba Fela alizaliwa lini, alifungwa lini, alioa wangapi, hayo ni ya watu wote, na mtu yeyote anaweza kuyatungia tamthilia kesho asubuhi. Kinacholindwa ni namna mwandishi alivyoyaweka: maneno, mpangilio, sauti. Lakini kitabu kikiwa kimeandikwa kwa sauti ya mhusika mwenyewe, sauti hiyo ni ya nani? Maneno yalitoka kinywani mwa Fela. Aliyeyachimba, akayachuja, akaamua lipi litangulie na lipi lifuate ni Moore. Kila mwandishi wa habari aliyewahi kukaa na kinasa sauti usiku kucha, akihangaika kugeuza saa tatu za porojo kuwa kurasa mbili zinazosomeka, anajua kwamba kazi hiyo si ya karani.

Kuna kitu kimoja kitabuni ambacho kwa hakika hakikutoka kwenye kinasa sauti. Ndani yake kuna sehemu ambazo anayeongea ni mama yake Fela. Na mama alishafariki wakati kitabu kinaandikwa. Moore alimpa marehemu sauti, akamwita Afa Ojo, yaani yule anayeiamrisha mvua, na marehemu anaongea na mwanawe kutoka huko aliko. Ni ubunifu wa mwandishi kabisa.

Haya, twende jukwaani. Fela! ilianzia kwenye ukumbi mdogo New York mwaka 2008, ikaingia Broadway, ukumbi wa Eugene O'Neill, Novemba 2009. Walioibuni ni Bill T. Jones, mwandishi Jim Lewis, na Stephen Hendel, ambaye kazi yake ya siku zote ilikuwa biashara ya mafuta (Fela, aliyetunga wimbo mzima kuyatukana makampuni ya kigeni, angekuwa na la kusema hapo). Kisa kinafanyika usiku mmoja tu mwaka 1978, ndani ya Shrine, klabu ya Fela kule Lagos. Mama yake ameshafariki. Fela anatangaza kwamba hili ndilo onyesho lake la mwisho, anataka kuondoka Nigeria. Lakini hawezi kuondoka bila ruhusa ya mama. Kwa hiyo usiku kucha huku akipiga muziki anasimulia maisha yake, na sehemu ya pili anavuka kwenda kwa mizimu kumtafuta mama amuulize. Mama anatokea. Na moja ya nyimbo chache mpya zilizotungwa kwa ajili ya tamthilia, nyimbo zisizo za Fela, inaitwa Rain. Mvua.

Sisemi waliiba, mimi si hakimu. Nasema weka vitabu viwili mezani, angalia mwenyewe.

Kesi haikufika kwenye hukumu. Pande mbili zilielewana nje ya mahakama, na leo tamthilia hiyo ikitajwa rasmi huandikwa kwamba imetokana na maisha ya Fela na kwamba imechochewa na kitabu cha Carlos Moore. Mzee alipata jina lake.

Kwa upande wa jukwaa nisiwe mchoyo wa sifa. Wale watu walifanya kazi kubwa. Muziki uliongozwa na watu wa Antibalas, bendi ya Brooklyn ambayo imekuwa ikipiga afrobeat tangu 1998. Fela aliigizwa na Sahr Ngaujah, ambaye ana asili ya Sierra Leone, akipokezana na Kevin Mambo, kwa sababu Broadway hucheza mara 8 kwa wiki na sehemu ile ilikuwa inammaliza mtu: anaimba, anacheza, anapuliza saksafoni, anaongea karibu muda wote. Mama aliimbwa na Lillias White, baadaye Patti LaBelle akaichukua nafasi hiyo. Kuna mahali watazamaji wote walikuwa wanasimamishwa na kufundishwa kuzungusha kiuno kwa kufuata saa, saa sita, saa tisa, saa kumi na mbili. Fikiria mabibi na mabwana wa New York na tai zao wanakatika! Mwaka 2010 tamthilia iliteuliwa kuwania tuzo 11 za Tony ikapata 3: uchezaji, mavazi na sauti. Ikafungwa tarehe 2 Januari 2011 baada ya kuchezwa mara 463, huku kundi jingine likiwa limeshaifikisha National Theatre ya London. Aprili 2011 ikapelekwa Lagos kwenyewe.

Namba hiyo ya 463 huwa inanichekesha. Fela alikuwa na desturi moja iliyowatesa mashabiki wake: wimbo ukisharekodiwa, haupigi tena jukwaani. Ulikwenda kumsikiliza ukitaka Lady, unapewa wimbo mpya wa dakika 40 ambao hujawahi kuusikia. Kwake kurudia ni kufa. Sasa angalia, heshima kubwa kuliko zote aliyopewa baada ya kufa ni kurudia usiku uleule, nyimbo zilezile, zimekatwa zikawa fupi, mara 463.

Lakini kukata nyimbo si tatizo kubwa. Jukwaa lina saa mbili na nusu, lazima ukate. Kilichonisumbua ni mahali pengine makasi yalipopita.

Kiswahili kinatusaidia hapa. Sisi maisha ya mtu yaliyoandikwa tunayaita wasifu. Neno hilo liko ukoo mmoja na sifa, na kusifu. Na sifa kwa Kiswahili si lazima iwe nzuri: mtu anaweza kuwa na sifa mbaya mji mzima. Lakini ukisema "amemsifu", hakuna anayefikiria ubaya. Kwa hiyo neno letu lina milango miwili. Mlango mmoja unaeleza mtu alivyokuwa, mwingine unampamba. Wengi wetu mfano wa kwanza tuliokutana nao shuleni ni Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, na ule kwa kweli unapita kwenye milango yote miwili kwa wakati mmoja: Shaaban anamweleza Siti huku akimwinua awe kioo cha wasomaji. Nilipokuwa nawalinganisha Fela wawili hawa, hilo ndilo nililoliona. Moore, pamoja na kwamba alikuwa rafiki yake na alimpenda, alieleza. Jukwaa lilimsifu.

Chukua habari ya wanawake.

Tarehe 18 Februari 1977, askari wapatao elfu moja walilivamia boma la Fela lililoitwa Kalakuta Republic. Mwaka uliotangulia alikuwa ametoa Zombie, wimbo unaowafananisha askari na watu waliokufa wanaotembea kwa amri. Siku chache tu zilikuwa zimepita tangu Lagos imalize FESTAC, tamasha kubwa la sanaa za watu weusi ulimwenguni, ambalo Fela alilisusia huku wasanii wageni wakimiminika usiku kwenda kumsikiliza kwake. Wageni walipoondoka, askari wakaja. Watu walipigwa, wanawake walibakwa, nyumba ilichomwa moto na kanda za muziki ndani yake, na zahanati ya mdogo wake daktari Beko nayo ikateketea. Mama yao, Funmilayo Ransome-Kuti, aliyekuwa na umri wa miaka 76, alirushwa kutoka dirishani. Hakupona sawasawa. Alifariki tarehe 13 Aprili 1978.

Tusimpite mama huyu haraka, maana bila yeye hakuna Fela. Ndiye aliyewaongoza wanawake wa Abeokuta, wauza soko na wasomi pamoja, dhidi ya kodi ya wanawake na dhidi ya mfalme aliyekuwa anaikusanya kwa niaba ya Waingereza. Maelfu walikaa nje ya jumba la mfalme wakiimba nyimbo za kumdhihaki, mpaka Januari 1949 mfalme akakiacha kiti. Wole Soyinka, ambaye ni binamu yake Fela, aliyaona hayo akiwa mtoto na akayaandika kwenye kitabu chake Aké. Kwa hiyo Fela anapopambana na majenerali kwa nyimbo za matusi, mbinu ile ni ya nyumbani. Aliikuta kwa mama.

Serikali iliunda tume ya uchunguzi. Tume ikasema nyumba ilichomwa na askari asiyejulikana. Elfu moja walikuja, aliyechoma hajulikani! Fela akatunga Unknown Soldier. Na mwaka 1979 yeye na watu wake walibeba jeneza kwa heshima ya mama wakalipeleka kambi ya Dodan, makao makuu ya serikali ya kijeshi, wakalitua pale. Tamthilia inamalizikia na picha hiyo ya majeneza.

Februari 1978, mwaka mmoja baada ya uvamizi, Fela alioa wanawake 27 kwa mpigo. Wengi walikuwa wacheza dansi na waimbaji wake, na miongoni mwao walikuwamo waliopigwa siku ile ya Kalakuta. Kuna wanaosema aliwaoa ili kuwastahi, maana magazeti yalikuwa yanawaita majina mabaya. Kuna wanaosema ni ubabe tu. Kitabuni, Moore alifanya jambo ambalo nadhani ndilo bora kuliko yote aliyofanya: aliwauliza wenyewe. Kuna mahojiano na wake 15 waliokuwa bado wapo naye. Maswali yenyewe ni ya kawaida kabisa. Umetoka wapi? Ulifikaje hapa? Kwa nini uliolewa naye? Mnaoneana wivu? Majibu mengine ni mafupi kama telegramu, mengine yanatiririka. Wengine wanaonekana wanampenda kufa. Wengine ukisoma unaona ni binti aliyekimbia nyumbani akiwa mdogo akakuta mlango mmoja tu uko wazi. Kipigo kimo. Na kuna sehemu Fela mwenyewe anasema anavyomfikiria mwanamke, na ni maneno ambayo mpenzi wake yeyote leo angetamani asingeyasema. Moore hakuyafuta.

Jukwaani wake hao wanaitwa malkia. Wamepakwa rangi nzuri usoni, wamevaa shanga, wanacheza dansi ambayo huwezi kuondoa macho. Onyesho halilifichi shambulio la 1977, mateso yao yanasimuliwa. Lakini mbali na hapo hawana mengi ya kusema. Mwanamke anayepewa maneno ya kutosha, mbali na mama, ni Sandra, yule Mmarekani aliyempa Fela vitabu vya siasa za watu weusi Los Angeles mwaka 1969. Wale 15 waliojibu maswali kitabuni, jukwaani wamerudishwa kuwa viuno.

La pili ni kifo.

Angalia ule ujanja wa kuweka kisa chote mwaka 1978. Kama mtunzi, ni uamuzi mzuri mno: una mama aliyekufa karibuni, una hasira, una Shrine. Lakini pia unakuepusha na kila kitu kilichofuata. Huhitaji kusema kwamba alipotoka gerezani mwaka 1986, baada ya serikali ya Buhari kumfunga, aliwaacha wake zake waliobaki akasema ndoa ni umiliki. Huhitaji kusema miaka ya 1990 alipoingiwa na ukimya. Na huhitaji kusema UKIMWI.

Fela alifariki tarehe 2 Agosti 1997, ana miaka 58. Siku iliyofuata kaka yake mkubwa, Profesa Olikoye Ransome-Kuti, daktari wa watoto na waziri wa afya wa Nigeria kuanzia 1985 hadi 1992, aliwaita waandishi wa habari akawaambia waziwazi: ndugu yangu amekufa kwa maradhi yatokanayo na UKIMWI. Fela hakuwahi kuukubali ugonjwa huo. Alisema ni uongo wa wazungu, kondomu akazitungia hadi wimbo wa kuzikejeli, na dawa za hospitali hakuzitaka. Nani alijua nini wakati gani ndani ya nyumba ile yenye wanawake wengi, hilo ni swali zito. Familia ingeweza kunyamaza, na nchi nzima ingekubali maneno kama "aliugua kwa muda mfupi". Sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa na Philly Lutaaya, Mganda aliyesimama mwaka 1989 akiwa hai akasema ninao, akazunguka mashuleni na makanisani mpaka akafa Desemba mwaka huohuo, na tunajua kusema kule kulibadilisha nini Uganda. Kwa Fela ilibidi kaka aseme kwa niaba yake. Watu zaidi ya milioni walijitokeza Lagos kumzika, wakiwa wameshaambiwa ukweli.

Na hapa ndipo naona ugumu kumhukumu Bill T. Jones. Kama kuna msanii Marekani ambaye huwezi kumwambia "umeukimbia UKIMWI", ni yeye. Mwenzake wa maisha na kazi, Arnie Zane, alikufa kwa ugonjwa huohuo mwaka 1988. Jones mwenyewe alishatangaza hadharani, zamani, kwamba anaishi na virusi, na miaka ya 1990 alitengeneza dansi maarufu kutokana na maneno ya watu wenye maradhi yasiyopona. Kwa hiyo woga haukuwa sababu. Filamu ya Finding Fela ya mwaka 2014, iliyoongozwa na Alex Gibney, ilifuatilia utengenezaji wa tamthilia, na ndani yake unamwona Jones anahangaika na mtu huyu: afanye nini na wake, afanye nini na mwisho wake. Unaona kabisa anajua anachokiacha.

Aliamua kuacha. Nadhani, na haya ni mawazo yangu, alijua mtazamaji wa Broadway wa mwaka 2009 alikuwa hamjui Fela kabisa. Ukimletea Mwafrika ambaye hajawahi kumsikia, halafu ukamwonyesha anavuta bangi, ana wake 27, anawapiga, na anakufa kwa UKIMWI huku anaukana, atatoka pale na picha ileile aliyoingia nayo ya Afrika. Hiyo hoja naielewa, na inanikera kwamba naielewa. Ina maana mpaka leo msanii wetu akipelekwa ugenini lazima asafishwe kwanza, kama mtoto anayepelekwa kwa wageni. Gharama ya kumsafisha imelipwa na wale wake, ambao pengine ndio waliokuwa na haki kubwa kuliko wote ya kuutaja ule ugonjwa.

Moore naye hakuweza kuuandika UKIMWI, kitabu kilitoka 1982, hakuna aliyekuwa na jina la ugonjwa huo Lagos. Lakini alikwishaweka kila kitu mezani: nyumba ilivyokuwa, nani analala wapi, nani anaamua. Ukikisoma leo ukijua kilichotokea 1997, kuna kurasa unazipita polepole.

Kwa miaka mingi kitabu hicho kilikuwa hakipatikani kirahisi. Mwaka 2009, mwaka uleule tamthilia ilipoingia Broadway, kilichapishwa upya Marekani kikiwa na dibaji ya Gilberto Gil, mwanamuziki wa Brazil, na baadaye toleo likapatikana Nigeria pia. Sisi kizazi cha Burna Boy (ambaye babu yake, Benson Idonije, alikuwa meneja wa kwanza wa Fela, kama hukujua) tunaweza kumsikiliza Fela bure kwenye simu siku nzima. Kitabu kinataka utoe pesa kidogo. Ukikipata usianze mwanzo. Nenda kwanza kwenye zile kurasa za mahojiano, soma jina moja baada ya jingine, wanawake 15 na picha zao, kila mmoja akiulizwa alitoka wapi, na kila mmoja akijibu mwenyewe.